Filamu mbili kwa tiketi moja: tathmini ya maonyesho ya sinema za Mdororo Mkuu, Mji wa Kale

Kwa miezi kadhaa sasa mkahawa mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, umekuwa ukionyesha darini mwake filamu za Marekani zilizotengenezwa kati ya mwaka 1930 na 1936, miaka ambayo uchumi wa nchi ile ulikuwa umeanguka na kampuni kubwa za filamu zilikuwa hazijui kama zitauona mwaka unaofuata. Maonyesho hufanyika kila Alhamisi baada ya sala ya Isha. Kiingilio ni shilingi 400, na kwa kiasi hicho mtazamaji hupata filamu mbili, kahawa chungu, kipande cha kashata, na maelezo ya mwenyeji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa pale. Filamu mtu anaweza kuzitafuta kwa njia nyingine. Maelezo yale sijayakuta kwingine hapa mjini.

Mwenyeji ni mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu za biashara, na hilo hujionyesha tangu mwanzo. Kando ya kitambaa cheupe kinachotumika kama pazia kuna ubao mdogo wa chaki, na kabla ya kila filamu yeye huandika hapo jina la kampuni iliyoitengeneza, wingi wa majumba ya sinema iliyoyamiliki, deni lake, na faida au hasara yake ya mwaka ule. Hana habari na maisha ya waigizaji, wala hasemi nani alioana na nani. Husema kampuni ilidaiwa nini, kisha taa huzimwa. Utaratibu huo ukiusoma hivi unaonekana mkavu, lakini pale darini una mvuto wake, kwa sababu mtazamaji huanza kuitazama filamu kama kazi ya watu wenye haraka, ambao wadai wao wamekwisha kupiga hodi.

Maelezo bora kuliko yote ni ya jioni ya kampuni ya Paramount. Mwalimu alianza kwa kuondoa dhana iliyozoeleka kwamba soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, watu wakakosa pesa, wakaacha kwenda sinema, na kampuni zikafilisika papo hapo. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1930 kampuni hizo zilikuwa bado zinapata faida, kwa sababu filamu zenye sauti zilikuwa jambo jipya na watu walikuwa bado wana hamu nazo. Inakadiriwa kwamba mwaka huo tiketi milioni 80 au zaidi zilikatwa kila wiki nchini Marekani. Kufikia mwaka 1932 na 1933 makadirio yalikuwa yameshuka hadi karibu milioni 60. Ni pigo, lakini biashara isiyo na madeni ingeweza kulistahimili. Kilichoziangusha kampuni ni mikopo waliyoichukua wakati wa neema, kwanza ya kununulia majumba ya sinema, kisha ya kuyawekea mitambo ya sauti. Mapato yalipopungua, rehani na riba zilibaki palepale.

Paramount ndiyo iliyokuwa imejitanua kuliko wengine wote, ikiwa na majumba zaidi ya 1,000. Mengi kati ya hayo haikuyalipia kwa fedha taslimu. Wenye majumba walipewa hisa za kampuni, pamoja na ahadi kwamba Paramount ingezinunua tena hisa hizo baadaye kwa bei iliyokubaliwa. Hisa zikaporomoka, bei ya ahadi ikabaki juu, na siku za kulipa zikafika. Mwalimu aliwaeleza wasikilizaji wake kwamba ni sawa na mtu aliyenunua duka Marikiti kwa hundi ya mwaka ujao, akiamini kwamba mwaka ujao biashara itakuwa nzuri zaidi. Na mzee mmoja nyuma akaguna kwa namna iliyoonyesha kwamba anamfahamu mtu wa aina hiyo kwa jina. Mwaka 1932 Paramount iliandika hasara ya takriban dola milioni 16, na Januari 1933 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Mwezi huohuo RKO, kampuni nyingine kubwa ya filamu, nayo ikafuata. Bwana William Fox alikuwa amekwisha kupokonywa kampuni yake mwaka 1930, na iliyobaki ikaunganishwa mwaka 1935 na kampuni changa ya akina Joseph Schenck na Darryl Zanuck, ndipo likapatikana jina la Twentieth Century-Fox.

Filamu ya jioni ile haikulingana na maelezo hayo. Paramount ilipata ahueni mwaka 1933 kwa sehemu kubwa kupitia filamu za Mae West, mwigizaji mwenye utani wa kimapenzi, ambazo zilitengenezwa kwa gharama ndogo na kurudisha fedha mara nyingi zaidi, lakini mwenyeji aliona kwamba bibi yule na maneno yake hawafai kuonyeshwa mbele ya watoto, na akatusimulia tu. Badala yake tukaonyeshwa mchezo wa mapenzi wa watu wa Ulaya wenye majumba na wahudumu, na wengi wetu tukamaliza kashata mapema. Namwelewa, na katika mtaa ule huenda ningefanya kama yeye, ila basi angechagua filamu nyingine inayoonyesha namna kampuni hiyo ilivyojinasua.

Jioni ya MGM ni ya kupita haraka. Kampuni hiyo, iliyokuwa chini ya Loew's, kampuni ya majumba ya sinema, haikuandika hasara hata mwaka mmoja katika kipindi chote cha mdororo, na ubao ulieleza kwa nini: majumba yake hayakufika 200, na mengi yalikuwa katika miji mikubwa. Filamu iliyoonyeshwa ni Grand Hotel ya mwaka 1932, yenye Greta Garbo, Joan Crawford na ndugu wawili wa ukoo wa Barrymore ndani ya hoteli moja ya Berlin. Inang'aa, na Lionel Barrymore akiwa karani mgonjwa anayetumia akiba yake yote kabla ya kufa anastahili sifa zake. Lakini ni ndefu, watu wanazungumza wameketi, na mkalimani alichoka kabla yetu.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu ukalimani. Filamu hazina manukuu ya Kiswahili, kwa hiyo kijana mmoja huketi kando ya projekta akiwa na kipaza sauti na kueleza yanayosemwa. Katika filamu za polepole hufanya kazi nzuri, na mara nyingine mazungumzo yake yanachekesha kuliko ya wenyewe. Tatizo ni kwamba filamu za Marekani za wakati ule, hasa za Warner Bros., zina maneno ya kasi sana, watu wakijibizana bila kuvuta pumzi, na kijana huyo akibaki nyuma kwa sentensi mbili basi ucheshi wote hupotea. Kipaza sauti chenyewe kinakoroma. Ningependekeza maelezo yatolewe mwanzoni mwa kila sehemu, halafu waigizaji waachiwe nafasi yao. Kijana huyohuyo ana jukumu jingine, la kuweka kiganja mbele ya lenzi pale mwenyeji anapotoa ishara, na hili hutokea zaidi katika filamu zilizotengenezwa kabla ya Julai 1934, wakati ambapo kampuni za Marekani zilikuwa na kanuni za maadili walizozipitisha wenyewe mwaka 1930 lakini hawakuzifuata. Baada ya hapo ofisi ya Joseph Breen, aliyesimamia kanuni hizo, ndiyo iliyoamua filamu gani ipewe kibali, na anayekaidi alitishiwa faini ya dola 25,000. Katika filamu za mwaka 1935 na 1936 kijana yule alikuwa na mikono mitupu usiku kucha.

Jioni ya Warner Bros. ndiyo inayotosha kumleta mtu kutoka Likoni au Mtwapa. Kampuni hii iliyoleta mafanikio ya kwanza makubwa ya sauti mwaka 1927 ilikopa sana ili kukua, na mwaka 1932 ikapata hasara ya takriban dola milioni 14, ingawa iliponea chupuchupu na haikuingia mikononi mwa mahakama. Ilijibu kwa ubahili. Filamu zake nyingi zilikuwa fupi, zilipigwa upesi, na hadithi zake zilichukuliwa kutoka magazetini: majambazi, wafungwa, waandishi wa habari, wasichana wa jukwaani wanaotafuta kodi ya chumba. Mwalimu alichagua mbili, zote zikiwa zimeongozwa na Mervyn LeRoy kwa kupishana miezi michache tu, na uchaguzi huo ni wa mtu anayejua anachokifanya.

Ya kwanza ni I Am a Fugitive from a Chain Gang ya mwishoni mwa mwaka 1932. Paul Muni ni askari aliyerudi kutoka Vita Kuu, anakosa kazi, anazunguka mji hadi mji, na anapofika mwisho wa nguvu zake anaingia katika duka la rehani akiwa na medali yake ya vita. Mwenye duka hasemi kitu. Anamwonyesha sanduku la kioo lililojaa medali za askari wengine. Tukio zima halichukui hata dakika moja, na kamera haikawii pale, lakini darini palikuwa kimya, mpaka bibi mmoja aliyekuwa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Mwalimu, na hizo zote zimewekwa rehani?" Mwalimu akamjibu, "Zote, mama, na hakuna anayezitaka."

Ya pili ni Gold Diggers of 1933, ambayo juu juu ni ya nyimbo na michezo. Inaanza na Ginger Rogers akiwa amevaa sarafu mwili mzima, akiimba kwamba sasa fedha zipo tele, na wimbo haujaisha wanaingia watu wa sherifu kuchukua mapazia na mavazi kwa sababu mwenye onyesho hajalipa madeni yake. Mmoja anamvua msichana sarafu zake palepale jukwaani. Kisha baada ya vichekesho vingi na ndoa kadhaa, filamu inamalizika kwa wimbo ambao haulingani na lolote lililotangulia: Joan Blondell akiwa barabarani usiku, askari polisi anamshika mzururaji mmoja ili amwondoe, naye Blondell anaikunjua kola ya koti la mzururaji huyo na kumwonyesha polisi kilichobandikwa upande wa ndani. Ni medali. Baada ya hapo Busby Berkeley, aliyepanga michezo yote, anatuonyesha safu za askari wakienda vitani, wakirudi na majeraha, na hatimaye wakipanga foleni ya chakula cha bure. Kiangazi cha mwaka 1932 maelfu ya askari wa zamani walipiga kambi Washington wakidai malipo waliyoahidiwa, na jeshi likatumwa kuwatimua; watazamaji wa mwaka 1933 hawakuhitaji kuelezwa.

Nimewahi kuzitazama filamu hizo mbili kila moja peke yake, na sikuwahi kuona kwamba medali moja inaijibu nyingine. Ukizitazama usiku mmoja, huwezi kukosa kuona. Katika ile ya kwanza medali haina thamani hata ya sahani ya chakula. Katika ya pili inamwokoa mtu asikamatwe, lakini kwa sababu tu kuna mwanamke wa kuionyesha. Sidhani kwamba akina Warner walikaa wakapanga hivyo. Walikuwa na wadai, wakaona hadithi ya askari aliyesahauliwa inauzika, wakaiuza mara mbili, mara ya pili kwa muziki. Jambo hilo halipunguzi uzuri wake, na mwalimu, kwa sifa yake, hakujaribu kulipamba.

RKO na Columbia ziliunganishwa katika jioni moja, na ni jioni nzuri kwa familia. King Kong ilianza kuonyeshwa New York mwanzoni mwa Machi 1933, siku chache kabla ya Rais Roosevelt kufunga mabenki yote ya nchi, na RKO ilikuwa tayari chini ya wasimamizi wa mahakama. Watoto walimngojea sokwe. Mimi nililipenda tukio la mwanzo, ambapo Fay Wray, kwa njaa, ananyoosha mkono kuchukua tufaha katika meza ya muuza matunda na kukamatwa. Safari yote ya kwenda kisiwani inatokana na tufaha hilo. Columbia, ambayo haikumiliki majumba ya sinema na kwa hiyo haikuwa na rehani zake, ilikuwa kampuni ndogo ya kudharauliwa mpaka ilipomwazima Clark Gable kutoka MGM na kutengeneza It Happened One Night kwa muda wa wiki chache. Filamu hiyo ya mwaka 1934 ilizoa tuzo zote tano kubwa za Oscar. Sehemu kubwa yake ni safari ya basi la usiku, na aliyewahi kupanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi atawatambua abiria wote, akiwemo yule mwenye maneno mengi asiyetaka jirani yake alale.

Jambo la kupendeza zaidi katika huduma hii ni kwamba mkahawa wenyewe umeazima hila za wenye sinema wa zama hizo. Filamu mbili kwa tiketi moja ilikuwa ni njia ya kumfanya Mmarekani aone kwamba senti 25 zake hazikupotea. Bisi nazo, ambazo wenye majumba makubwa walikuwa wakizikataa kwa kuogopa mazulia yao kuchafuka, ziliruhusiwa kuingia wakati wa mdororo kwa sababu zilileta faida kubwa. Ulikuwapo pia usiku wa vyombo, ambapo kila mwanamke alipewa sahani au kikombe mlangoni, kimoja kwa wiki, ili arudi mpaka seti itimie. Mkahawa unauza bisi, na kwa wiki kadhaa umekuwa ukiwapa wanawake bakuli dogo la kauri lenye maua ya buluu. Walioanza kulikusanya hawakosi. Hila moja mwenyeji ameikataa: ule mchezo uliobuniwa na Charles Yaeger huko Colorado, ambapo watu waliandika majina yao katika daftari, jina likachaguliwa jukwaani, na aliyetajwa akapewa fedha kama yumo ndani au karibu na mlango. Mwalimu alisema waziwazi kwamba hiyo ni kamari, hata ikiitwa nini, na haitaingia darini kwake.

Sasa lawama. Ubao wa mwalimu hauna mstari wa mishahara. Kwa mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, hilo linashangaza. Machi 1933, mabenki yalipofungwa, kampuni za filamu zilitangaza kukata nusu ya mishahara kwa wiki nane, na taasisi inayotoa tuzo za Oscar ikasaidia kuusimamia mpango huo. Mafundi wenye chama imara walikataa na studio zikasimama kwa muda. Waandishi na waigizaji, ambao hawakuwa na chama cha namna hiyo, walikubali. Muda wa kurudisha mishahara ulipofika Warner ilivuta miguu, na Zanuck, aliyekuwa msimamizi wa utayarishaji pale, akajiuzulu kwa sababu alikuwa amewaahidi watu wake. Mwaka huohuo waandishi wakaunda chama chao, na waigizaji pia. Bila habari hizo, Gold Diggers of 1933, filamu inayohusu wasanii wasiolipwa, inakosa nusu ya utamu wake, kwa kuwa iliwafikia watazamaji miezi michache tu baada ya wasanii wa kampuni yenyewe kukatwa mishahara. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, "Mishahara imo ndani ya gharama, mwanangu." Katika vitabu vya hesabu imo kweli, pale darini ilifaa itajwe.

Pengo la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1929, miezi michache kabla ya soko kuanguka, MGM ilileta Afrika Mashariki kikosi cha kupiga filamu ya Trader Horn kikiongozwa na W. S. Van Dyke, na filamu hiyo ikatoka mwaka 1931, mdororo ukiwa umepamba moto. Mmoja wa waigizaji wake wakuu, Mutia Omoolu, alikuwa Mkenya, na alipelekwa hadi Hollywood kumalizia baadhi ya matukio. Filamu yenyewe imejaa dharau kwa Waafrika na inahitaji maelezo makali kabla ya kuonyeshwa. Hata hivyo, mfululizo wa filamu za Marekani za miaka hiyo unaofanyika Mombasa na usiomtaja Mutia Omoolu hata kwa sentensi moja umeruka jambo lililokuwa mlangoni mwake. Vivyo hivyo kwa Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyeendelea kutengeneza filamu zake kwa fedha za kuokoteza wakati kampuni kubwa zinalia kwa mahakimu.

Kuhusu mahali penyewe: dari ni safi, upepo wa bahari upo, na sehemu ya wanawake na watoto iko upande wenye mwonekano mzuri zaidi, si nyuma ya nguzo kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi. Umeme ukikatika jenereta huchukua muda kuwaka, na filamu hurudishwa nyuma kidogo ili watu washike hadithi. Picha ni nzuri kwa King Kong na si nzuri kwa filamu za Paramount, ambazo nakala zake zina mikwaruzo. Kahawa haina kasoro. Wanafunzi hulipa nusu kwa kuonyesha kitambulisho. Jioni ya Warner hurudiwa kila mwezi kwa sababu ya maombi ya watu, nayo hujaa. Viti vyenye mgongo ni vichache na vilivyobaki ni mabenchi ya mbao, kwa hiyo anayekitaka kiti afike mapema, akate tiketi, aache kikoi chake kitini, kisha aende msikitini.